Asilimia Tisini na Moja

Sesilia hakuipenda ile mashine tangu siku ya kwanza, na wala hakulificha hilo. Ilipotolewa kwenye boksi katikati ya chumba cha mazoezi ya viungo, aliitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja bila taarifa akiwa na mabegi matatu. Na chenyewe hakikuwa kitu kikubwa: kishikwambi kimoja, waya wa kuchajia, na mkanda mweusi wenye kidude ukubwa wa kiberiti, wa kumfunga mgonjwa kwenye kifundo cha mkono. Kwa hicho tu wakubwa walikuwa wamevaa suti kuja kupiga picha, na joto lote lile la Shinyanga.

"Nimepima watu miaka thelathini na saba kwa macho haya," alimwambia Hosiana wageni walipoondoka.

"Ndiyo maana tumekuletea wewe, mama Ndaki."

Hosiana alikuwa mhandisi wa vifaa tiba, mwanamke wa miaka thelathini aliyekulia Kahama, baba yake akiwa fundi mitambo Buzwagi siku zile mgodi unachimbwa. Alikuwa na maneno matamu na subira ya kufundisha watu wazima, vitu viwili ambavyo havikai pamoja mara nyingi. Alimweleza Sesilia taratibu. Mgonjwa wa kiharusi anafungwa mkanda kwenye mkono uliolegea, kisha anafanya vitendo kumi. Ananyanyua mkono, anagusa bega, anageuza kiganja, na kadhalika. Cha kumi ndicho kinabeba nusu ya alama: anachukua kikombe cha maji mezani, anakiinua, na kumkabidhi mtu aliyekaa mbele yake. Kidude kinahesabu mkono umepanda kiasi gani, umetetemeka kiasi gani, umetumia sekunde ngapi. Kishikwambi kinatoa asilimia, na chini yake kinaandika mpango mzima wa tiba: mazoezi gani, mara ngapi kwa wiki, na lini mgonjwa aruhusiwe kwenda nyumbani kwake moja kwa moja.

"Na mgonjwa akiwa anaona haya?" Sesilia aliuliza. "Kidude kinaona hilo?"

Hosiana alicheka, akasema hilo bado.

Mtu wa kumlaumu Sesilia kwa ukaidi wake inabidi ajue alikotoka. Alianza kazi hospitalini pale mwaka themanini na nane, msimu wa pamba, mji mzima ukinuka mafuta ya mbegu. Malori yalipita yamejaa mpaka juu, yakidondosha vishada vyeupe barabarani, na miti ya pembeni ilionekana kana kwamba imeota pamba yenyewe. Chumba cha mazoezi kilikuwa stoo iliyotolewa magunia. Kilikuwa na kitanda kimoja, ngazi ya mbao ya vidato vinne, mpira uliozibwa pancha mara tatu, na mzee Marselino.

Marselino ndiye aliyemfundisha kazi. Cheti chake kilikuwa cha darasa la saba. Mengine aliyapata kwa kufagia chumba hicho miaka kumi huku akimwangalia mtaalamu aliyemtangulia, mpaka mtaalamu alipohama na fagio likapata mtu mwingine. Vipimo vyake alivitengeneza mwenyewe. Kila mgonjwa alikuwa na kamba yake ya katani, imening'inizwa kwenye msumari ukutani pamoja na kipande cha boksi chenye jina. Mgonjwa aliegemea ukuta, akanyoosha mkono, na mahali vidole vilipofika Marselino akafunga fundo. Wiki iliyofuata fundo jingine. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika aliishika kamba yake na kuona mwenyewe kwamba tangu Kwaresma amesogea vidole vitatu.

Kwa kazi ya vidole alitumia pamba. Alimwekea mgonjwa vitumba ishirini mapajani, kisha yeye akaanza kuimba wimbo wa kuvuna wa kwao, wa Kisukuma, beti sita. Mgonjwa achambue mpaka wimbo uishe. Wapo walioanza na kitumba kimoja, tena kimechambuliwa nusu, na wapo walioondoka wakimaliza vyote ishirini katika ubeti wa tano na kumsubiri mzee amalize kuimba. Mwendo wa wimbo haukubadilika. Aliyedhani Marselino atauvuta kidogo kwa huruma alikuwa hamjui Marselino.

Siku zile wagonjwa waliletwa kwa baiskeli. Walitoka Solwa, walitoka Tinde, wamekalishwa kwenye keria na kufungwa kwa kanga kiunoni wasidondoke, ndugu akiisukuma baiskeli kwa miguu tangu alfajiri. Walifika na vumbi mpaka kwenye kope. Walibeba michembe, yale matoborwa ya viazi vitamu, na karanga kwenye mfuko wa rambo, na mazoezi yakiisha wote walikaa chini, mgonjwa, ndugu, Marselino na Sesilia, wakatafuna. Sesilia akiikumbuka michembe ile, mate yanamjaa na macho yanamjaa, vyote kwa pamoja. Siku hizi wanakuja kwa bajaji, wanatazama saa, wanauliza kama foleni ni ndefu.

Hata mume wake alimpata kwenye ukuta ule. Maganga alidondoka kutoka juu ya lori la pamba akavunjika bega, akaletwa, akapewa kamba. Mafundo yake yalikwenda vizuri wiki nne. Wiki ya tano yakaanza kurudi nyuma. Wiki ya sita yakarudi zaidi. Sesilia alihangaika, akamkanda na kumkunja na kumkunjua, mpaka Marselino alipomwita pembeni. "Binti," alimwambia, "huyu kijana haumwi bega." Walioana mwaka uliofuata. Maganga amelala makaburini mwaka wa tisa sasa, mtoto wao Ndaki yuko Mwanza na familia yake, na Sesilia amebaki na nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Kambarage na kamba ya katani yenye mafundo yanayorudi nyuma, ndani ya sanduku. Akiulizwa kwa nini haolewi tena, husema wanaume wa siku hizi hawajui hata kuigiza ugonjwa.

Basi, mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa kishikwambi, miezi minane kabla ya kustaafu.

Kilichomgeuza hakikuwa maelezo ya Hosiana. Kilikuwa sifa. Mwanzoni walipokezana kukaa upande wa pili wa meza, ule wa kupokea kikombe. Siku mbili alikaa Sesilia, siku tatu alikaa Hosiana mwenyewe na kishikwambi chake mapajani. Baada ya wiki sita Hosiana alikuja na karatasi, uso umekunjamana kwa mawazo.

"Mama Ndaki, hebu ona. Wagonjwa hawahawa. Wakipimwa na mimi wanapata hamsini, hamsini na tano. Wakipimwa na wewe wanapata sabini, themanini."

"Wewe unawatisha na hicho kidude."

"Nimekagua kidude mara mbili. Kizima. Nadhani ni wewe. Watu wanakuamini, mkono unatulia."

Sesilia aliguna, lakini alikwenda nyumbani siku hiyo bila kupanda bajaji, akitembea, akiamkiana na kila mtu. Miaka thelathini na saba alikuwa amefanya kazi ambayo hakuna aliyeiona. Daktari wa upasuaji huletewa mbuzi. Mkunga, mtoto hupewa jina lake. Lakini nani alikumbuka kumshukuru mtu aliyekukunja vidole miezi sita mpaka ukaweza kufunga vifungo vya shati lako? Na sasa mashine, ambayo haina ushemeji na mtu, ilikuwa imesema wazi kwamba mkono wa Sesilia unaponya.

Ikaamuliwa wagonjwa wote awapime yeye. Taarifa ikaenda mkoani. Ikarudi barua kwamba siku ya kumuaga atapewa cheti cha heshima mbele ya wakubwa, na chumba chake kitakuwa mfano kwa hospitali nyingine. Barua hiyo aliisoma mara nne, kisha akampigia Ndaki akamsomea mara ya tano. Tangu hapo ungemwona asubuhi akikifuta kishikwambi kwa pindo la kitenge chake, akikipulizia vumbi, akimkemea yeyote aliyeweka chai karibu nacho. Ukuta wa kamba ulikuwa umeshapakwa rangi zamani, na misumari imeng'olewa. Hakuuliza tena kidude kinaona nini.

Katika wagonjwa kumi na mmoja aliokuwa nao, aliyempenda zaidi alikuwa Bartholomeo, na hakuwa akificha hilo pia. Bartholomeo alikuwa fundi wa matimba huko Katoro, mtu wa miaka arobaini na sita, kifua kipana, sauti ya taratibu. Fundi wa matimba ndiye anayeshuka ndani ya duara kwanza, shimo lile la wachimbaji wadogo, akapanga magogo kuzuia udongo usiwafunike wenzake. Kushuka kwenyewe ni kwa kamba, miguu ikitafuta gogo moja baada ya jingine, futi mia na ushee. Alikuwa amefanya hivyo miaka ishirini bila kufukiwa mtu hata mmoja chini ya magogo yake. Kiharusi kilimkuta kwa kinyozi, shavu moja limeshanyolewa, jingine bado. Mkono wa kulia ukadondoka mapajani na haukunyanyuka.

Yeye na mkewe Vumilia walikuja Shinyanga, wakafikia kwa dada yake mjini, na kwa miezi mitatu hawakukosa siku hata moja. Bartholomeo aliingia chumbani akivua kofia. "Shikamoo, mayu," alisema, akichanganya Kiswahili na Kisukuma chake cha kumwita mama, na Sesilia akiitikia marahaba alijisikia amerudi miaka ile ya vumbi na michembe. Kijana alikuwa na malezi. Hakukaa kabla hajakaribishwa, na hakumkatiza mtu neno. Kuinua mkono mtupu akawa hodari upesi, na kikombe alikikabidhi vizuri kila wiki kuliko wiki iliyopita.

Jumatano moja kishikwambi kikaandika asilimia tisini na moja. Chini yake kikaandika mpango: mgonjwa aruhusiwe Ijumaa, arejee kazini.

Bartholomeo aliomba kukisoma mwenyewe. Alikisoma akisogeza midomo, kisha akamwambia Vumilia apige picha kioo. Aliituma pale pale kwenye kundi la WhatsApp la duara lao. Haikupita dakika mbili Enock, msimamizi wa duara, akajibu kwamba wana futi kumi mpya hazijawekewa magogo, wanamsubiri yeye, ashuke Jumatatu. Bartholomeo alicheka mpaka akakohoa. Vumilia alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili na hakucheka, lakini siku hiyo hakuna aliyemtazama Vumilia.

Kesho yake, Alhamisi, saa nne asubuhi, Sesilia alitoka kwenda kunywa uji kwenye kibanda cha akina mama nyuma ya wodi. Bartholomeo na Vumilia walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamempa mgongo. Bartholomeo alikuwa anamrudishia mkewe kikombe, na alimrudishia kwa mkono wa kushoto.

"Mbona kushoto?" Vumilia alimwambia kwa sauti ya chini. "Tumia wa kulia, si umepona?"

"Niache ninywe uji wangu kwa amani."

Sesilia alitabasamu, akawafikia, akasalimia. Bartholomeo alinyanyuka kwa haraka. Uji mwingine ulikuwa umemiminwa, wa moto, mezani mbele yake, na kwa kuwa mkubwa amemkuta anakunywa, aliona vibaya asimkaribishe. Akachukua kikombe kwa mkono wa kulia, akaweka kiganja cha kushoto chini ya kigasha cha kulia, karibu na kiwiko, akainamisha kichwa kidogo, akampa.

Ndivyo mtu aliyelelewa anavyompa mkubwa kitu. Sesilia alikuwa amepewa vitu namna hiyo maisha yake yote: maji ya kunawa, chenji, mtoto mchanga. Yeye mwenyewe alimpa baba yake namna hiyo kabla hajaota meno ya ukubwani. Kitu unachokiona kila siku tangu kuzaliwa hukioni. Lakini asubuhi ile alikuwa ametoka kusikia neno "kushoto," na macho yake yakashuka bila kutumwa. Akaona mkono wa kulia umelala juu ya wa kushoto kama mtoto mgongoni. Vidole vya kulia vilikuwa vimezunguka kikombe tu. Uliokibeba ulikuwa wa kushoto.

Aliupokea uji. Akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," akaunywa wote akiwa amesimama, na hakujua kama ulikuwa na sukari au la.

Alirudi chumbani akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa. Kidude kilifungwa kifundo cha kulia. Mkono wa kulia ulipanda, haukutetemeka, ulifika. Kidude kikahesabu kilichoona. Wa kushoto haukuwa na kidude. Na kwa Hosiana, aliye mdogo kwa wagonjwa karibu wote, hakuna aliyekuwa na haja ya kuweka mkono wa pili. Walimpa kikombe kama unavyompa mdogo wako, na ukweli ukatoka, hamsini, hamsini na tano. Wakifika kwa Sesilia mwenye mvi, adabu ikaja kusaidia. Kadiri mtu alivyomheshimu ndivyo alivyopata alama. Bartholomeo alikuwa na adabu kuliko wote.

Kilichomuuma hasa kilikuwa hiki: Marselino asingekosea. Marselino kabla ya kufunga fundo lolote alimwambia mgonjwa, "Kalia mkono wako mzima," na mgonjwa akaukalia, awe mkulima au hakimu, kwa sababu mkono mzima unapenda kusaidia na hauombi ruhusa. Sesilia naye alifanya hivyo miaka thelathini na sita. Aliacha lini? Aliacha mwaka huu huu. Aliona kuna mkanda, kuna kioo, kuna asilimia, akastarehe. Alimkumbuka mzee yule akiimba beti zake sita bila huruma, na alimtamani awepo japo kwa dakika moja, hata kama ni kwa kugombezwa.

Tusimpambe. Alifikiria kunyamaza. Alifikiria cheti, na suti za wakubwa, na Ndaki ambaye alikuwa ameshaomba ruhusa kazini ili aje siku hiyo na watoto. Alifikiria kwamba angeweza kumwambia Bartholomeo asishuke shimoni mwezi mmoja, kwa hekima ya kawaida tu, bila kugusa asilimia zake. Wengine kumi wangeendelea polepole. Hosiana asingejua. Alilitafuna wazo hilo mpaka saa sita, na lilikuwa tamu. Kisha akaiona akilini kamba ya duara, na kiganja cha kulia kikifunguka chenyewe, na hakuna mkubwa pale chini wa kupewa kitu kwa heshima. Akanyanyuka akaenda kumtafuta Hosiana.

Hosiana alimsikiliza mpaka mwisho. Alifungua karatasi zake, akaangalia siku, akaangalia nani alikaa kwenye kiti, akazifunga.

"Mimi nilikuwa naangalia kioo," alisema.

"Na mimi nilikuwa naangalia uso, kama nilivyofundishwa. Kumbe mikono haikuwa na mtu wa kuiangalia."

"Mkoani wataniuliza."

"Andika barua, mimi ndiye nitakayetia sahihi. Andika kwamba alama za kikombe zote nilizopokea mimi zifutwe."

"Na cheti?"

"Kwani ni cha nini?" Sesilia alisema, akamsogezea kalamu.

Ijumaa Bartholomeo alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa. Vumilia alibeba mfuko wa mchele wa kuaga. Sesilia alimkaribisha kiti, akakaa ng'ambo ya meza, akamwomba Hosiana amfunge mkanda. Kikombe cha plastiki kikawekwa, maji nusu.

"Mara moja tu kabla hujaenda," alisema. "Lakini leo kalia mkono wa kushoto."

Bartholomeo alicheka akidhani ni mzaha. Alipoona hacheki mtu, akaukalia. Akanyoosha wa kulia kwenye kikombe, akasita.

"Mayu, siwezi kukupa hivi. Nitaonekana nakutupia."

"Leo nimekuruhusu."

"Basi nimpe huyu dada."

"Hapana. Alama ziliandikwa nikiwa kwenye kiti hiki mimi. Nipe mimi."

Alimtazama Vumilia, Vumilia akatazama sakafu. Bartholomeo akainamisha kichwa chini sana, kana kwamba kichwa kingeweza kufanya kazi ya mkono uliokatazwa, akashika kikombe. Kilinyanyuka mezani. Kilipita usawa wa tumbo, kikaanza kutetemeka, maji yakaruka kushoto na kulia, yeye akiuma meno. Kilipofika usawa wa kifua vidole vikafunguka vyenyewe, kimoja kimoja, na kikombe kikaanguka, maji yakamwagikia mapaja ya Sesilia. Hakuna aliyesogea kuyafuta. Hosiana alisoma kioo kwa sauti ndogo: kwa kikombe peke yake, asilimia thelathini na nane.

"Kirudie," Bartholomeo alisema. "Kimekosea."

Kikarudiwa. Kikasema thelathini na sita.

"Nilijua," Vumilia alisema. Alikuwa ameweka mchele chini. "Vifungo hivyo nimefunga mimi asubuhi hii. Alinikataza nisiseme. Ilivyoandikwa tisini na moja nikadhani basi mimi ndiye sielewi."

Bartholomeo alimtazama Sesilia, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu hakuinamisha macho. "Kwa hiyo mlikuwa mnanidanganya."

"Nilijidanganya mimi, nikakubeba na wewe," Sesilia alisema. "Ulikuwa unanipa kikombe kwa heshima, mkono wa kushoto unabeba, na mimi napokea sifa. Nilitakiwa nione. Ndiyo kazi niliyofundishwa kabla ya kitu kingine chochote. Nisamehe, baba."

Si jambo dogo mtu wa umri wake kumwomba radhi aliye mdogo kwake, tena mbele ya mkewe. Bartholomeo alilijua hilo, na halikumpunguzia hasira yote. Alikaa akikitazama kiganja chake, kilicholala mezani wazi. Nje bajaji ilipiga honi, ikapita.

"Ningeshuka Jumatatu," alisema mwishoni.

"Ungeshuka."

"Enock huwa anasimama chini yangu. Ananipokelea magogo."

Hakuongeza neno hapo, na wote watatu walielewa kwamba hakuwa akifikiria kuanguka kwake mwenyewe. Aliutoa mkono wa kushoto chini ya paja, umekufa ganzi, akaukung'uta, akatoa simu mfukoni, akapiga.

"Enock. Wekeni fundi mwingine Jumatatu," alisema. "Ndiyo. Hapana, sijapona. Ile picha ifute." Alisikiliza. Kisha akaishusha simu kifuani na kumgeukia Sesilia. "Anauliza ni kwa muda gani."

Wiki ile kishikwambi kilikuwa na jibu kwa kila mtu, tena la tarehe. Sesilia naye alikuwa nalo kwa miaka yake yote: miezi miwili, mwezi mmoja tu, utacheza ngoma Krismasi. Alikuwa amewaambia hivyo watu wengi kwa kuwapenda.

"Mwambie sijui," alisema.

Bartholomeo alirudisha simu sikioni. "Mama anasema hajui," alisema, akakata. Kisha akaweka mkono wa kushoto chini ya paja bila kuambiwa, na kumwomba Hosiana ajaze kikombe tena.